Kitanda cha juu, Milimani: wiki yangu ya hosteli Nairobi

Jumapili

Mwezi wa sita pwani ni kusi, bahari imechafuka, mwani umejaa ufuoni, wageni hakuna, na hoteli nazo zinapiga hesabu zao, kila mwenye likizo anaambiwa aichukue sasa hivi maana Agosti ikiingia hakuna cha ruhusa wala nini. Mimi niko hausikiping, kazi yangu ni vitanda na shuka za watu. Miaka yote likizo yangu inaishia Kisauni, kwetu Mombasa, nikifua mapazia ya mamangu. Safari hii nikasema hapana, watu wanatoka Ulaya kuja kulala kwenye shuka nilizotandika mimi, alafu mimi Nairobi kwenyewe naijua ya harusi na matanga tu, unafika usiku kwa shangazi Pipeline, asubuhi shughuli, jioni basi la kurudi. Nikabuku hosteli. Na nikabuku kitanda, sio chumba. Mamangu alivoskia ntalala chumba kimoja na watu siwajui hakusema kitu, alienda dukani akarudi na kufuli mbili.

Nilipanda treni ya asubuhi, ile inayosimama simama. Ukitaka kufika haraka usiipande hio, lakini mimi haraka ya nini. Miritini mnapanga mabegi chini mbwa anapita akinusa, mzee mmoja mbele yangu begi lake lilikua na samaki mkavu na yule mbwa alisimama hapo mpaka askari akaona haya. Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei. Ndovu wa Tsavo tuliwaona, wekundu kwa ule udongo, na kila mtu akasimama na simu utadhani hatujazaliwa Kenya. Viti vya ekonomi vinaangaliana, kwa hivo masaa yote hayo magoti yako na ya mtu usiyemjua yanasalimiana, nadhani ndio ilikua tyushen ya hosteli.

Syokimau unashuka, unapanda treni nyingine ndogo mpaka stesheni ya mjini, alafu mimi nikachukua boda mpaka Milimani. Baridi! Wallahi baridi ya Nairobi mwezi wa sita hawakuambii vizuri. Mimi nimekuja na sweta moja na leso mbili.

Mapokezi kuna kijana ana daftari kubwa, unaandika jina na unakotoka, na yeye majina hashiki, anashika miji. "Mombasa, kitanda nambari nne, juu." Ndo hivo nikawa Mombasa. Chumba chetu cha wanawake kina deka tatu, vile vitanda vya juu na chini. Chini yangu alikua Mwanza, kaja kwa mambo ya viza, nchi anayoitaka haina ubalozi Dar kwa hivo inabidi aje Nairobi. Kando ya dirisha alikua mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akacheka akasema marahaba, mwalimu mstaafu kutoka Kitale, mwanawe kijana kaanguka na bodaboda na amelazwa Kenyatta, mguu umetiwa vyuma. Hosteli ni bei rahisi kuliko gesti na hospitali anaenda kwa miguu. Mimi nilikuja nikidhani ntakuta watalii wa mabegi mgongoni, kumbe nusu ya watu mle ndani wanangoja kitu.

Kabla sijalala nikatandika kitanda changu upya maana nimeshindwa kulala kwenye shuka iliyotandikwa vile. Pembe zimekunjwa, shuka imevutwa mpaka ukitupa shilingi inaruka. Mwanza alikua ananiangalia toka chini. "Dada, na changu je?" Nikashuka nikatandika chake, na cha Mama Kitale. Likizo hio.

Jumatatu

Asubuhi jikoni nikampata Kampala. Huyu ni jamaa wa makamo, zamani alikua taniboi wa malori ya Mombasa mpaka Kampala, Kiswahili chake kakiokota barabarani kituo kwa kituo, Mariakani kiasi, Malaba kiasi, na matusi yote nadhani ya Mlolongo. Siku hizi ana duka la spea kwao na kila baada ya muda anakuja Nairobi kununua mzigo Kirinyaga Road, analala hapa hapa kila mara, kijana wa mapokezi hata haandiki jina lake tena. Akaniuliza naenda wapi nikamwambia natembea tu, akasema twende.

Kwa hivo utalii wangu wa kwanza Nairobi ulikua kutafuta bushi za trela. Na niwaambie, Kirinyaga Road ni mahali pa kwenda. Barabara nzima ni spea, gari zimeinuliwa jeki juu ya lami, vijana wamelala chini yake miguu nje, na mwenye duka hata hana stoo, unamtajia kitu anamtuma mtoto kwa jirani, jirani anatuma kwa jirani, kitu kinarudi na bei imeshapanda mara tatu. Kampala haongei bei. Anashika beringi, anaizungusha karibu na sikio, anaiskiliza kama daktari, anairudisha mezani anaangalia pembeni. Muuzaji mwenyewe anaanza kushuka. Nilijifunza hapo, na nimeshaitumia sokoni Kongowea.

Mchana nikapanda KICC kama mtalii wa kweli, ghorofa 28, jengo la 1973, juu unauona mji wote na mbuga hapo nyuma. Nikapita Archives pia, jumba la kumbukumbu za taifa, ile mikusanyo ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, pale chini inataka siku yake peke yake, vinyago, mastempu, nguo. Nje sanamu ya Tom Mboya, watu wanaitumia kama stendi ya kungojana.

Jioni fujo ilikua samaki. Kulikua na kijana wa Kisumu, kaja kwa intavyuu ya kazi, maabara, na intavyuu yenyewe ni Ijumaa lakini kafika mapema kwa kuogopa kuchelewa. Kampala alinunua samaki. Sasa hebu fikiria, Kampala, Kisumu na Mwanza, watu watatu wa ziwa moja nchi tatu, sufuria moja. Kisumu akamgeuza yule samaki, akamwangalia jicho, akauliza huyu ametoka ziwani ama ametoka China. Mwanza akasema huyo hakaangwi, anachemshwa na nyanya na ndimu. Kampala akasema nyote hamjui kitu, karanga. Mimi mtu wa bahari nilikaa kando nakula mkate. Waliishia kumkata vipande vitatu na kila mtu akapika chake kwa zamu kwenye meko moja, na ile saa nne kijana wa mapokezi anakuja kufunga jiko akatukuta tunaonja cha huyu na cha huyu, naye akapewa sahani akanyamaza.

(Cha Mwanza ndio kilikua kitamu. Kisumu akisoma hii atanisamehe.)

Jumanne

Mwanza alitoka alfajiri kwenda mahojiano yake Gigiri, kavaa vizuri, faili mkononi, nikamfunga kilemba mimi. Akasema Mama Kitale amwombee, wakashikana mikono pale kati ya vitanda, mmoja Mkatoliki mwengine Mwislamu, kila mtu akaomba kwa dini yake.

Mimi nilikua nimeahidi mbaazi wa nazi. Shida ya kukaa na watu wa bara ni wanakuuliza nyinyi Mombasa mnakula nini, unaanza kueleza mahamri na mbaazi, alafu unaona nyuso zao ukajua umeshajiingiza. Nikaenda Marikiti. Marikiti ya Nairobi sio kama yetu ya kule Mombasa ya viungo na vikapu, hii ni ya jumla, mikokoteni inakuja na watu hawasemi hodi wanapiga mluzi tu upishe, matope, magunia ya viazi yamepandana mpaka juu, kabichi zinarushwa hewani kama mpira. Mbaazi nikapata, nazi nikapata pia nne, bei ya kukasirisha, muuzaji akaniuliza wewe ni wa Mombasa, nikasema ndio, akapunguza shilingi kumi. Shilingi kumi!

Mbuzi sasa. Hosteli haina mbuzi ya kukunia nazi na hakuna mtu ashawahi kuiona, nilivomuelezea Kisumu kwamba unaikalia alafu mbele kuna chuma chenye meno, akaniangalia kama namwambia uongo. Kampala alizipasua nazi kwa mgongo wa panga la yule anayekata nyasi, maji yake tukanywa, nyama tukaichokoa kwa kisu vipande vipande tukatia kwenye blenda na maji ya moto. Blenda ikalalamika lakini ikasaga. Kifumbu cha kuchujia nacho hakuna. Hapo nikafungua begi nikatoa foronya yangu nyeupe, mpya, mimi silalii foronya za watu hata iweje, hio ni kazi imenifanya hivo. Tukamimina humo. Kisumu ameshika mdomo wa foronya, mimi nakamua, na tui zito likaanza kushuka kwenye bakuli jeupe pee, na ile harufu ikajaa jiko zima mpaka msichana mmoja wa Kijerumani aliyekua kimya kule kwenye meza na kompyuta yake akasimama akaja kuangalia. "Samahani, mnafanya nini na mto?"

Kwa Kiswahili. Safi kabisa, cha kitabuni, kila neno limesimama mahali pake. Kumbe anasoma Kiswahili chuo kikuu cha Leipzig, kuna idara yao huko ya mambo ya Afrika, na muda wote aliokaa kimya alikua anatuelewa. Kampala akakumbuka mambo yote aliyoyasema jikoni tangu juzi akatoka nje kidogo.

Chicha, yale makapi ya nazi, hatukutupa, Mama Kitale akasema inaweza kwenda kwa kuku. Kuku gani mama, tuko Milimani. Akasema basi mpe askari ana kuku kwake. Na kweli alikua nao, Kawangware, yule mama alikua anajua habari za kila mtu mle ndani.

Mwanza akarudi jioni amechoka. Mahojiano yalikua dakika chache. Waliuliza kama ana nyumba. Akasema wamemwambia Ijumaa.

Jumatano

Mbaazi zililala kwenye maji usiku kucha, mimi saa kumi na moja nishaamka nasukuma mahamri, iliki niliileta mwenyewe toka nyumbani kwa sababu iliki ya kununua kwenye paketi haina maana. Unga uliumuka pole pole mno kwa ile baridi, nikauweka bakuli kando ya meko, nikaufunika na leso. Walivoamka watu harufu ilikua imeshafika vyumbani. Sitajisifu. Ila Leipzig alikula sita.

Mama Kitale akamfungia mwanawe mahamri na mbaazi kwenye hotpoti akaniomba nimsindikize. Njia ni ya kupanda Upper Hill katikati ya magorofa ya bima na benki, yeye na viatu vyake vya mpira mbele yangu, mwepesi, alafu unaingia Kenyatta na ule umati wa saa ya kuona wagonjwa, kila mtu na hotpoti yake, kila mtu na leso ama blanketi. Kijana wake yuko wodi ya mifupa, mguu umeinuliwa, mchangamfu, miaka ishirini na kitu. Mama yake akamtambulisha kwangu, "Huyu ni Mombasa, ndiye anatutandikia." Jamaa wa kitanda cha pili akaomba mahamri, wa tatu naye, na mwisho yule mgonjwa mwenyewe alibaki na mbaazi bila mahamri, akasema mama kesho leta mengi.

Kesho! Kurudi njiani nikamuuliza Mama Kitale amekaa hosteli kiasi gani sasa, akasema ameona vitanda vyote vya kile chumba vikibadilisha watu, isipokua chake. Alikuja Mnyarwanda wa masomo, alikuja msichana wa Marsabit wa usaili wa jeshi, alikuja mzungu mzee na baiskeli anaelekea Cape Town, wakalia wote siku ya kuondoka, yeye ndio anabaki anawatengea chai. Ana daftari la shule, lile la mistari, kila mmoja amemwandikia namba ya simu na mji. Nimelishika lile daftari. Kurasa na kurasa.

Alhamisi

Mvua, ile ya rasharasha isiyo na haya. Hakuna aliyetoka. Jioni stima ikapotea, na sisi wote tukakusanyika jikoni kwa sababu ndiko kuna moto, watu nane tisa hivi, mshumaa kwenye gilasi, na pawabenki moja ya Leipzig inazungushwa kama biri, kila simu inapewa asilimia tano alafu inapisha.

Kwanza tulimfanyia Kisumu intavyuu. Viatu alikua ameshavipaka rangi tangu Jumapili, kila usiku anavipaka tena. Mama Kitale akawa mwenyekiti wa paneli, Kampala mtu wa pesa, Leipzig mfadhili. Kisumu akaambiwa atoke nje abishe hodi. Akaingia, Mama Kitale akavaa miwani, akamwacha amesimama muda mrefu.

"Kaa. Kwa nini tukupe kazi wewe na sio mtoto wa dada yangu?"

Kisumu akakwama. Tukacheka, yeye hacheki, jasho kabisa kwa baridi ile. Akajibu vitu vya diploma, vya mashine, Mama Kitale akakata. "Sijauliza umesoma nini. Mtoto wa dada yangu naye amesoma." Wakarudia. Akabisha hodi tena. Mara ya tatu au ya nne hivi akasema, "Kwa sababu mtoto wa dada yako akiharibu sampuli utaona haya kumfuta, mimi utanifuta siku hio hio, na mimi najua hivo." Kampala akapiga meza. Mama Kitale akavua miwani akasema hio ndio useme, lakini toa hayo maneno ya kufuta.

Ndio Leipzig sasa akatuambia hizi hosteli zimetoka wapi. Mwalimu mmoja wa kwao Ujerumani, Richard Schirrmann, mwaka 1909 alikua anatembea kwa miguu na wanafunzi wake safari ya siku kadhaa, radi na mvua kubwa ikawashukia njiani wakapata pa kulala kwenye shule ya kijiji. Wenzake wamelala, yeye hakulala, akawaza shule hizi zote likizo ziko tupu, kwa nini watoto wa mjini wasilale humo waone nchi yao kwa pesa kidogo. Mwaka 1912 ikafunguliwa ya kudumu ndani ya ngome ya zamani ya mji wa Altena, na wageni wanalala Altena mpaka leo, yeye mwenyewe Leipzig amefika na shule yao, mabweni ya kwanza yamebaki makumbusho. Mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vikakutana Amsterdam vikaungana na yule mwalimu akafanywa rais, alafu 1936 serikali ya Nazi ikamlazimisha aachie kiti. Wao walitaka vijana wa kupiga gwaride. Yeye alitaka wa kuosha sahani, Leipzig alisema hivo.

Mama Kitale aliskiliza yote mikono kifuani. "Nilijua ni mwalimu. Hii sheria ya kila mtu aoshe kikombe chake kabla ya kulala, huyo ni mwalimu tu."

Hata Kenya ziko siku nyingi. Ralph Bunche Road iko hapo hapo karibu, wasafiri wa zamani wanaijua kwa Youth Hostel ya pale, na barabara yenyewe imepewa jina la yule Mmarekani mweusi aliyepata Nobel ya amani 1950. State House Road kuna YMCA. Kampala anazijua zote na bei zake, na ipi maji ya moto yanaisha saa ngapi. Niliwauliza mbona sisi wenyeji hatulali humo, mimi kwetu Mombasa mtu akisema hosteli najua ni ya wanafunzi. Kisumu akasema sisi kila mji tuna shangazi. Kweli kabisa. Lakini kwa shangazi huwezi kukutana na Kampala.

Ijumaa

Kisumu katoka saa kumi na mbili. Mwanza katoka saa tatu. Mimi na Leipzig tukaenda Karura, tukatembea mpaka maporomoko, msitu umetulia, unaskia ndege na sio honi, na ukifikiria 1999 watu walimpiga Wangari Maathai kichwa kikapasuka kwa sababu tu alikua anapanda mti pale getini, unatembea kwa adabu. Sina mengi ya Ijumaa. Kisumu karudi ametoa tai, anasema hawakuuliza swali la mtoto wa dada. Mwanza karudi akaenda kulala mapema.

Jumamosi

Ngong. Wote isipokua Mama Kitale, yeye alitupa flaski yake ya chai na masharti ya kuirudisha. Matatu ya 111 tulipandia Ngong Road, mziki ule wa matatu unauskia kwenye meno, Leipzig kafurahi kama yuko harusini. Pale juu getini kila mtu analipa yake ya msitu, Leipzig akalipa ya wageni akanung'unika kwa Kiswahili sanifu.

Nilidhani baridi nishaimaliza. Juu kule ni kama mita 2,460 kwenye kilima cha juu kabisa, na upepo ule sio wa mchezo, ndio maana KenGen, kampuni ya umeme, wameweka mitambo ya umeme wa upepo huko, ya kwanza iliwekwa 1993. Ukikaa chini ya mmoja unaskia bawa likipita, fuuu, alafu kimya, alafu fuuu. Upande huu Nairobi yote, upande ule Bonde la Ufa linaporomoka mpaka hujui mwisho wake, kavu, rangi ya majani makuukuu, na unaona kivuli cha wingu kikitembea chini huko polepole. Nilitoa leso zote mbili. Tulijifunika watu watano kwenye leso mbili tumekaa kwenye nyasi migongo kwa upepo, na mayai ya kuchemsha tuliyonunua stejini na kachumbari kwenye karatasi.

Hapo ndio Mwanza akasema. Hakuna aliyemuuliza. Jana alipewa bahasha, wamemkataa, karatasi imewekwa alama kwenye kisanduku, sababu iko pale kwa herufi ndogo, hawajaridhika kwamba atarudi. "Mimi nina duka la dawa Mwanza, nina mama, nina mtoto darasa la tatu, nisirudi niende wapi?" Alitaka kwenda wiki mbili tu kwa harusi ya mdogo wake.

Kampala hakumwambia pole. Alimenya yai, akalitia chumvi, akampa. Alafu akaanza kueleza vile alikaa mpakani Malaba na lori la mchele, karatasi moja imekosewa herufi, wakalala chini ya trela mpaka akaanza kulima sukuma kando ya barabara, ati aliivuna kabisa. Mimi sijui kama ni kweli. Mwanza alicheka mpaka akalia, ama alilia mpaka akacheka, upepo ulikua mwingi sikuona vizuri. Leipzig alikua anaangalia chini anang'oa nyasi, akasema kwa sauti ndogo mimi kuja hapa sikuulizwa kama nina nyumba, nilijaza fomu kwenye simu. Hakuna aliyemlaumu. Kisumu alimsogezea kachumbari.

Nikamwambia Mwanza, pesa za tiketi si unazo bado? Mlete mtoto pwani Disemba. Alinyamaza nikadhani hakuskia.

Flaski tulirudisha.

Jumapili

Kuondoka. Kampala kaondoka usiku na basi lake na magunia mawili ya spea bila kuaga, kijana wa mapokezi akasema huwa anafanya hivo, haagi. Lakini kwenye rafu ya jikoni kaacha mfuko wa karanga umeandikwa SAMAKI.

Asubuhi nilivua shuka zangu nikazikunja nikaziweka mwisho wa kitanda, mimi nawajua wenzangu wa kazi wanavoteseka. Mama Kitale akanipa daftari niandike. Nikaandika namba, nikaandika Mombasa, na chini nikaandika namna ya kuumua unga kwenye baridi. Alisema madaktari wamemwambia wiki ijayo labda wataruhusiwa, neno labda akalirudia mara mbili. Mwanza alikua anapanda basi la kurudi kwao saa mbili, tukatelemka wote watatu na Kisumu mpaka mjini, Kisumu begi lake amelibeba kichwani na suti bado kaivaa.

Grupu la WhatsApp linaitwa JIKO LINAFUNGWA SAA NNE. Mama Kitale ndio admin, hakuna anayetuma vitu vya kufowadi vya dini akaachwa. Kijana wake alitoka hospitali, anatembea na magongo, picha tuliiona. Kisumu aliitwa intavyuu ya pili, na kazi akapata lakini ya mkataba wa miezi sita, tunangoja. Leipzig alikaa na foronya yangu, anadai ni kumbukumbu, mimi nadai ni mali ya mtu.

Na Mwanza anakuja. Jana ametuma picha ya mtoto ameshika begi, miezi sita kabla ya safari. Hosteli Mombasa zipo za wasafiri lakini nimekataa, atalala Kisauni kwa mamangu, ameshatenga kitanda na nadhani na kufuli. Njia nimemwandikia: basi mpaka Arusha, avuke Holili aingie Taveta, ashike gari ya Voi, Voi mpaka Mombasa ashukie Mwembe Tayari, ntakua pale. Disemba hoteli imejaa na ruhusa hakuna, lakini zamu za usiku zipo na nishaongea na mkubwa wangu. Asichukue gari ya usiku tu, na sweta aache kwao.